Ubao wa Simu na Salamu za Mwamanyili

Kuna maneno mawili ambayo mpaka leo nikiyaona mwili unanisisimka: ujumbe umepokelewa. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake vialama viwili pembeni ya maneno aliyoandika, akaniambia, bibi, ukiona hivi ujue mwenzako ameshapata. Nikamuuliza amepata nini. Akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea wapi. Sikuwa na nguvu ya kumweleza pale pale, nikamwambia aniletee chai. Sasa nawaandikia ninyi nyote mnaofanya kazi za mawasiliano mkoani kwetu, mnaopanda minara na mnaokaa ofisini mbele ya kompyuta, maana swali langu lilikuwa la kweli. Lilinikuta.

Mimi naitwa Holo, ingawa hapa Bariadi wengi wananijua kwa jina la Mama Minza. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwendeshaji wa ubao wa simu katika chama kimoja cha wakulima wa pamba. Najua mnacheka. Kila nikisema ubao wa simu watu wanadhani nilikuwa nafuta ubao shuleni.

Ubao wetu ulikuwa kompyuta moja pale ofisini, imeunganishwa na simu kwa kidubwasha kinachoitwa modemu. Karani wa kituo cha kununulia pamba, tuseme wa Nyashimo, anaandika habari zake kwenye kompyuta yake akiwa ametulia. Akimaliza, kompyuta yake inapiga simu kwangu kama mtu anavyompigia mtu. Ya kwangu inapokea. Mashine mbili zinapigiana miluzi mpaka zikubaliane, kisha maneno yanapita ndani ya sauti ile. Ujumbe unabaki kwenye ubao, na karani wa kituo kingine akipiga baadaye anausoma. Simu ilikuwa moja tu, kwa hiyo waliingia mmoja mmoja, na ukikuta mwenzako yumo unasubiri zamu yako. Mvua, dawa ya wadudu, lori lililokwama, ng'ombe aliyepotea, posa, ugonjwa, vyote vilipita humo.

Kompyuta zenyewe zilikuwa za kupewa, kuukuu, ambazo ninyi mngezitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Hazikujua intaneti hata kidogo, zilijua kupiga simu tu. Tabu ilianza waya za simu zilipokwisha. Wezi walizikata, kipande leo kipande kesho, mpaka zikabaki nguzo peke yake. Chama kikaweka antena, tukapata simu ya intaneti. Ni kisanduku kidogo unachochomeka simu ya kawaida. Kinachukua sauti, kinaikatakata, kinaituma, na kisanduku cha upande wa pili kinaiunga tena. Kwa watu wanaoongea ilikuwa raha. Kwa modemu ilikuwa balaa tupu.

Hapo ndipo alipoletwa Fundi Nkwabi. Alikuwa amestaafu kazi ya simu, mwembamba, mtu wa ugoro, mwenye kisirani cha kufurahisha. Alikuwa amepanda nguzo nyingi kuliko miaka aliyoishi, au ndivyo alivyodai. Simu ya mkononi hakuwa nayo na hakuitaka. Alisema simu isiyo na waya ni uvumi. Kwao ni Mwamanyili, lakini alikuwa amekaa Bariadi miaka mingi, na kwao alikuwa haendi. Baba yao alipofariki, kaka yake mkubwa, Masunga, alimtaka arudi nyumbani wasimamie ng'ombe pamoja, yeye akakataa kuacha nguzo zake. Toka siku hiyo Masunga alikuwa akisema mtu wa simu hana ndugu. Aliyebaki katikati yao ni mama yao, mzee sana, ambaye Nkwabi alikuwa akimpelekea salamu na sukari kwa watu wanaokwenda huko.

Siku ya kwanza alinikuta nimeweka modemu kwenye spidi ya juu kabisa, kama mtu aliyenunua pikipiki jana. Simu zilikuwa zinadumu sekunde tisa zinakatika. Nkwabi hakuangalia kompyuta. Alichukua mkono wa simu, akausikiliza ule mluzi huku amefumba macho, akaniambia: "Huyu anakimbia kwenye matope. Mpunguzie mwendo." Nikampunguzia, akafika.

Lishikeni hilo, hata kama modemu hamtaziona tena. Kile kisanduku kimetengenezwa kwa ajili ya midomo ya watu. Kinaibana sauti ili ipite kwenye nafasi ndogo, na mtu ukimbana sauti bado utamwelewa, lakini mluzi wa mashine ukiubana unaharibika. Kwa hiyo kwanza unazima kubana. Pili, kinafuta mwangwi. Zima na hilo, modemu zina namna yake ya kushughulikia mwangwi, wakifuta wote wawili wanafutana. Tatu, kikisikia kimya kinaacha kutuma chochote, kubana matumizi. Modemu ya upande wa pili ikisikia kimya kitupu inadhani mwenzake amekufa, inakata simu. Hili la kimya lilitusumbua wiki nzima mpaka Nkwabi alipoligundua, na alikitukana kisanduku kile kwa Kisukuma cha ndani ambacho siwezi kukiandika. Kisha akasema, lisanduku hili limefundishwa kwamba anayenyamaza hana la kusema.

Mwamanyili ndiyo ilikuwa mbovu kuliko vituo vyote. Antena yao ilikuwa inatazama juu ya kilima, upepo ukivuma inatikisika. Tukashusha spidi yao mpaka ya chini kabisa, kama herufi thelathini kwa sekunde. Ukikaa mbele ya kioo unaona maneno yanatokea pole pole, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Nkwabi akanifundisha pia kuweka kitu tulichokiita debe. Lilikuwa faili ambalo kila kilichoingia kwenye simu, kizima na kibovu, kilitupwa humo kabla programu haijakipanga. Ukitaka kujua laini inaumwa wapi, unachungulia debe. Lilikuwa linajaa haraka, kwa hiyo kila Jumamosi nililimwaga.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na nawaomba msiharakishe kunihukumu, maana wengi wenu mngefanya hivyo hivyo na mngepongezwa.

Laini zilikuwa zinakatika kila simu ikizidi dakika chache. Na watu wetu, mnawajua, hawaandiki kifupi. Ng'ombe akipotea Nyashimo, tangazo linaanza na mama yake ng'ombe huyo. Linakuja rangi yake, pembe ya kushoto imeelekea wapi, sikio limekatwa vipi, anatembea namna gani, amezaa mara ngapi. Mistari ishirini na tano, ng'ombe mmoja. Mimi nikaingia kwenye programu, nikaweka kikomo: ujumbe usizidi mistari kumi na tano. Kinachozidi kinatupwa. Na kwa kuwa napenda kazi safi, nikaweka chini yake maneno MWISHO WA UJUMBE, ili usionekane umekatwa kama mkia wa mjusi. Anayetuma yeye anaandikiwa UJUMBE UMEPOKELEWA. Kwenye ukurasa wa mwanzo nikaweka tangazo la kuwaarifu. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nkwabi aliponiona nimefurahi alisema tu kwamba simu haifupiki kwa kumtupia mtu maneno yake, atayatuma yote hivyo hivyo. Nikamjibu watajifunza.

Wiki ile ile likaja tangazo la ng'ombe kutoka Nyashimo. Limeelezwa vizuri mno, ungeweza kumchora. Halikusema alipotelea wapi wala mwenyewe ni nani. Tulicheka pale ofisini mpaka machozi. Nilimwandikia karani wa Nyashimo kwamba aanze na jambo lenyewe, akaelewa, na kweli tangazo la pili lilikuwa na mistari sita. Onyo lilikuja mkononi mwangu namna hiyo, nikaligeuza kichekesho.

Karani wa Mwamanyili alikuwa Mzee Jilala, binamu yao akina Nkwabi, mtu mpole aliyejifunza kompyuta ukubwani na aliyebonyeza kila herufi kwa heshima. Ujumbe wake ulikuwa unaanza na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na kuuliza habari za nyumbani, kazi, watoto, mvua, na kisha ndiyo anaeleza habari ya pamba. Salamu zake zilikuwa mistari mitano, saba ikizidi sana. Hivyo kikomo changu hakikuwahi kumgusa.

Jumatatu moja, msimu wa kununua ukiwa umekwisha, uliingia ujumbe wa Jilala, umeandikwa juu kabisa: kwa Nkwabi. Ulikuwa na salamu tu. Umeamkaje, mkeo ameamkaje, watoto wameamkaje, mguu wako uliokuwa unauma unaendeleaje, sisi huku tumeamka, kisima bado kina maji, ng'ombe wanakunywa. Mwisho wa ujumbe. Nikamchapia Nkwabi kwenye karatasi, akasoma, akatabasamu. Akasema Jilala amekumbuka ndugu zake. Alifurahi, nilimwona, maana ilikuwa muda mrefu hajapata salamu kutoka kwao zenye jina lake.

Jumanne ukaja mwingine. Salamu tu, tena hizi zilikuwa zimeenea zaidi, ameuliza mpaka jirani wa Nkwabi aliyewahi kumwona mara moja. Jumatano ukaja wa tatu. Mistari yote kumi na tano haikutoka nje ya kuamka. Nikacheka, nikampelekea Nkwabi nikisema mzee wako sasa amepata toroli la salamu. Yeye safari hii hakucheka. Aliisoma tena ile karatasi, akauliza mbona zimekuwa nyingi. Nikamwambia, fundi, pamba imekwisha, mzee hana kazi, anajifurahisha na mashine. Akasema labda.

Mimi ni Msukuma wa baba na mama. Nimezaliwa huku, nimelelewa huku, nimepiga magoti kusalimia tangu sijaota meno ya pili. Najua kwamba kwetu habari mbaya haitangulii. Mtu akija na msiba anakaa, anapewa maji, anasalimia mpaka amalize, ndipo anasema lililomleta. Na najua, kila aliyekulia nyumba yetu anajua, kwamba habari ikiwa nzito salamu zinarefuka. Nilikuwa msichana mdogo nilipojua kwamba babu amefariki kwa sababu tu mjomba alimuuliza mama habari za kuku. Leo hii siamini kwamba mimi huyo huyo nilisoma karatasi tatu zile nikaona toroli.

Ijumaa asubuhi, kama saa nne, Nkwabi alikuwa anapitia daftari la simu, kama alivyozoea, kuona nani alikatika. Akaniita.

"Jilala juzi alikuwa kwenye laini dakika ngapi?"

Nikamwambia daftari linasema karibu nne.

"Mistari kumi na tano kwa spidi ile ni muda gani?"

Nilianza kumjibu harakaharaka, halafu nikasikia ninachokisema. Mistari kumi na tano ni nusu dakika. Ongeza miluzi na kuandika jina, dakika moja, moja na nusu. Zilizobaki zilikuwa zinapitisha nini? Tulitazamana. Sikuhitaji kuambiwa niende wapi, nikafungua debe.

Lau ingekuwa Jumamosi ningekuwa nimelimwaga. Ujumbe wa Jumatatu ulikuwamo, wa Jumanne ulikuwamo, na wa Jumatano ulikuwamo wote, mistari themanini na nne, na herufi chache zilizoharibiwa na upepo wa kilimani. Salamu peke yake zilifika mstari wa sabini. Niliteremsha kioo chote kile, Nkwabi amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Chini kabisa tukasoma:

"Sasa mdogo wangu, baada ya salamu hizo. Mama bado anakuulizia. Hanywi uji tena, maji tunampa kwa kijiko. Leo ametuambia tuache mlango wazi aone njia. Tumekuandikia mara mbili na mashine inasema umepokea. Kaka yako amesema tusikuandikie tena. Mimi nimeandika kwa kuiba, na hii ni ya mwisho."

Nimepata mishtuko maishani. Nimezika mume. Lakini ule ulikuwa mwingine. Nkwabi hakunitazama. Alichukua kofia yake akatoka, na mimi nikachapa zile karatasi, zote, zilizofika na zilizotupwa, nikamkimbilia stendi. Mpaka leo nashukuru kwamba nilizichapa, maana akili yangu haikuwapo, ni mikono iliyofanya.

Nikapanda basi pamoja naye. Nyashimo tulichukua pikipiki mbili. Tulipofika Mwamanyili ilikuwa saa kumi jioni, na tangu barabarani tuliona watu wamekaa uani, wengi, na wanawake wamejifunga khanga kiunoni. Mama yao alikuwa amefariki Alhamisi. Walikuwa wamemzika saa nane mchana huo. Majembe yalikuwa bado yameegemezwa ukutani na udongo mbichi.

Saa mbili tu. Ningelisoma debe saa mbili asubuhi badala ya kunywa chai na kupiga soga, angelimkuta juu ya ardhi.

Nkwabi aliingia uani akavua kofia, akasalimia kwa salamu yetu ya jioni: "Mwadila." Hakuna aliyeitikia. Mnajua maana yake hiyo kwetu? Msukuma anaitikia salamu ya adui yake, anaitikia ya mlevi, anaitikia ya mkusanya ushuru. Watu wale wote, ndugu zake, majirani waliomlea, walitazama chini. Masunga alikuwa ananawa mikono, akaendelea kunawa. Nkwabi akabaki amesimama katikati ya uwanja wa mama yake kama mgeni aliyekosea mji, na mimi nikaelewa kwamba wanaamini alipata habari akakaa kimya.

Hapo sikufikiri. Nilikwenda mbele ya Masunga nikapiga magoti, mimi mwanamke wa ofisini mwenye begi, nikamsalimia, nikaomba ruhusa kusema. Hakunijibu lakini aliacha kunawa. Nikawaambia mimi ndiye mwenye mashine ya Bariadi. Nikasoma karatasi ya kwanza kama Nkwabi alivyoipata, mpaka MWISHO WA UJUMBE. Nikasoma ya pili. Nikasoma ya tatu. Watu walianza kunong'ona, maana kila mtu alisikia kwamba ni salamu tupu. Halafu nikatoa zile nyingine, nikasoma kilichobaki, mpaka pale pa mlango na njia. Wanawake wakaanza kulia upya.

"Haya hakuyaona mpaka leo saa nne," nikasema. "Aliyeyakata ni mimi. Niliweka mistari kumi na tano."

Jilala alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilimgeukia, nikamuuliza kama hakuliona tangazo langu kwenye ukurasa wa mwanzo. Nilikuwa bado natafuta kipande kidogo cha kujitetea, nawaambieni ukweli. Akanijibu bila hasira hata chembe, akiniita mama kwa Kisukuma, na afadhali angekasirika.

"Nililisoma, mayu. Nikajua ni la habari za pamba. Mgonjwa naye anahesabiwa mistari?"

Masunga alinyoosha mkono akazichukua zile karatasi. Alikuwa anajua kusoma, akazisoma mwenyewe, taratibu, akilinganisha pale zilipokatika. Watu wote walimsubiri. Alipomaliza alizikunja akazitia mfukoni mwa koti, akamtazama mdogo wake aliyekuwa bado amesimama na kofia mkononi.

"Mwadila, Nkwabi," akasema.

"Mwadila, kaka."

Wakaenda wote wawili nyuma ya nyumba, kaburini. Mimi nilibaki pale pale kwenye magoti mpaka mama mmoja akaja kuniinua.

Nitawaambia lililofuata kwa kifupi. Nkwabi hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Alirudi kazini baada ya matanga, akakaa kwenye kiti chake, akaniuliza kama kikomo nimekiondoa. Nikamwambia nilikiondoa Jumamosi ile ile. Akauliza antena ya Mwamanyili kama imekazwa, nikasema bado, akasema basi atakwenda kuikaza mwenyewe. Akaenda, na mwisho wake hakurudi. Alikaa kwenye nyumba ya mama yake, wakasimamia ng'ombe na Masunga kama walivyopaswa kufanya tangu mwanzo, na antena ile haikutikisika tena. Mara moja moja aliniandikia matusi ya kirafiki kuhusu spidi yangu.

Aliyebadilika ni Jilala. Ujumbe wake wa kwanza baada ya msiba ulikuwa mstari mmoja: "Mvua imenyesha jana." Nikadhani umekatika, nikakimbilia debe. Haukukatika. Uliofuata: "Magunia yamefika." Hakuna mwangaluka, hakuna watoto wameamkaje. Nilimwandikia kwamba kikomo hakipo tena, aandike apendavyo. Akanijibu: "Nimeelewa." Miaka yote iliyofuata mzee yule hakunisalimia kwenye ubao. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, habari fupi zinazoanza na jambo lenyewe, na kila nilipozisoma niliona aibu. Nikaanza mimi kumwandikia salamu ndefu, nikimuulizia mpaka kuku. Alikuwa akijibu mstari mmoja.

Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza hivi vitu, nawaomba. Mkitaka kukata maneno ya mtu, mwonyesheni kwamba mmemkata. Msimwandikie umepokelewa wakati mmepokea nusu. Na msitupe debe mpaka mmelichungulia, kwa sababu hata siku ile niliokolewa na takataka. Kazi hii watawafundisheni spidi, watawafundisha nafasi, lakini nani anaongea na nani na kwa desturi gani, hilo hamtalikuta kwenye kitabu cha kisanduku. Mimi nililijua toka tumboni na bado nililisahau nilipopewa kiti cha ofisini chenye magurudumu.

Ubao wetu ulikuwa umebakiza siku chache kufungwa. Vituo vingi vilishapata simu za kisasa, Mwamanyili peke yao ndio walikuwa bado wanapiga, nadhani kwa ubishi wa Nkwabi tu. Asubuhi moja modemu ikapiga mluzi. Nikaketi kuangalia, maana nilipenda kuiona spidi ile ya zamani, herufi zikitokea pole pole.

Ilikuwa ya Jilala. Ilianza: "Mwangaluka, mayu."

Nikaweka kikombe chini. Miaka yote ile. Mstari wa pili ukaja, umeamkaje. Wa tatu, watoto wameamkaje. Wa nne ukamtaja Minza kwa jina. Ulipofika wa kumi nilikuwa nimeshajua, na nilijua ni nani. Ningeweza kuinuka nikangoje mwisho. Nikaamua kuitikia. Peke yangu ofisini, kwa sauti, mstari kwa mstari: tumeamka salama, baba, wapo, hawajambo, mhola, kwema, mvua ipo, mhola, baba. Mstari wa kumi na tano ulipita, na mwingine ukaja nyuma yake. Aliuliza habari za magoti yangu. Aliuliza habari za kuku. Niliitikia kila moja, karibu dakika tatu, na herufi zikaendelea kutokea moja moja mpaka zikafika chini.

"Sasa mayu, baada ya salamu hizo. Fundi ametutoka alfajiri. Kaka yake anasema hatumziki mpaka wewe ufike."

Nilifika kabla ya saa nane.